Mikwaju Miwili Mlangoni

Jumatatu, 2 Juni

Nimeamka na ndoto tamu. Nilikuwa katika chumba chenye zulia, na mlangoni kibao: MKUU WA HIFADHI YA SAUTI. Chini yake jina langu. Herufi za dhahabu! Mke wangu kaniamsha akisema chai inapoa na mimi nimelala natabasamu kama mtu aliyeibiwa akili.

Wala si ndoto ya bure. Asubuhi hii Mkurugenzi katuita ofisini kwake, mimi na Taratibu. Taratibu ni mwenzangu wa meza ya pili. Jina jingine analo, ila hakuna anayelitumia. Yeye anashughulikia mtandao, mimi naandika programu. Ukimuuliza jambo anavua miwani, anaifuta, anaivaa, ndipo anajibu. Unaweza kuota ndevu ukimsubiri.

Mkurugenzi kasema sauti zote za zamani za redio yetu zihamie kwenye seva, ile kompyuta kubwa ya chumba cha baridi ambayo sote tunaifikia kwa mtandao. Kwa sasa zimelala kwenye diski moja ya kubebeka, ndani ya droo yangu. Tepu zenyewe zililiwa na ukungu zikatupwa. Diski ikianguka, basi tena.

Na kuna haraka. Jumanne ijayo anakuja Bibi Alfajiri. Ndiye aliyekuwa akisoma salamu za asubuhi hapa, enzi hizo mimi bado niko tumboni, nambebesha mama yangu mzigo. Sasa koo lake limepasuliwa, sauti imeondoka, anazungumza kwa mnong'ono. Anataka kusikiliza siku moja tu, ile aliyocheka hewani katikati ya utabiri wa hali ya hewa. Aliyemchekesha ni mumewe, fundi mitambo, aliyeangusha birika studio. Mzee yule ameshafariki. Kicheko chake hakipo popote duniani isipokuwa mle.

Mkurugenzi kamalizia kwamba atakayeifanya kazi hii vizuri atafikiriwa. Hakusema atafikiriwa kwa lipi. Hakuhitaji! Nikamwona Taratibu anavua miwani. Kabla hajaivaa nilishasema, "Niachie mimi, mama."

Jumanne, 3 Juni

Nimeanza. Kazi nyepesi kama unyoya: programu ichukue faili kwenye diski, ipeleke kwenye seva. Inachotaka ni kuambiwa njia tu. Na njia ya mtandao huandikwa hivi: mikwaju miwili, jina la seva, mkwaju mmoja, jina la folda. Mkwaju ni kile kistari kilichoegemea nyuma kama mtu aliyeshiba. Ile miwili ya mwanzo maana yake toka nje, kapige hodi kwa jirani. Seva yetu inaitwa "seva". Aliyeipa jina ni Taratibu, na hapo unaona ubunifu wake ulipoishia. Ndani yake kuna folda ya nyimbo, ya taarifa na ya salamu.

Taratibu kasimama nyuma ya kiti changu. Kafuta miwani. Kaniambia kwamba lugha tunayoandikia programu imekuja na maktaba yake, na katika maktaba hiyo kuna zana maalumu ya njia. Inazijua za ndani, inazijua za mtandao. Unaipa jina la seva na jina la folda, inaziunga yenyewe, wala hukosei.

Nimemshukuru kwa heshima zote. Moyoni nimecheka. Zana ya maktaba kila mtu anayo! Mkuu mtarajiwa wa Hifadhi atumie zana ya kila mtu? Naandika yangu. Itaitwa Kiongozi. Kulitafuta jina hilo kumenilia asubuhi nzima, ila limetulia.

Mchana nimemwendesha Kiongozi. Kagoma. Anasema hawezi kutengeneza folda ya "yimbo".

Yimbo?

Nikaangalia nilichoandika. Nyimbo, kama walivyonifundisha shule. Nikaifuta, nikaandika upya, nikabonyeza n kwa nguvu hadi Taratibu akageuka. Yimbo. Nikajaribu taarifa. Nikapewa "aarifa". Lakini salamu imepita bila kelele, herufi zote mahali pake!

Kuna kitu humu kinakula herufi. Na kinachagua.

Jumatano, 4 Juni

Nimeota mikwaju. Siyo vistari, miti yenyewe. Miwili mikubwa imesimama huku na huku mlangoni pa nyumba nisiyoijua, imeegemea nyuma, na kila ninapotaka kuingia mmoja unajifanya haupo. Upepo ulikuwa mzuri. Ndani ya nyumba mtu alikuwa akiimba, nami sikuweza kumfikia. Nimeamka na huzuni ya kupendeza, nikachelewa kazini.

Nimemeza fundo la kiburi, nikamuuliza Taratibu habari ya yimbo. Kumbe anajua! Amekaa nayo tangu jana, anasubiri aulizwe. Kasema mkwaju katika lugha hii una kazi ya pili. Ukikaa mbele ya n, wawili hao wanageuka amri: nenda mstari mpya. Ukikaa mbele ya t: ruka nafasi. Mbele ya s hauna la kufanya, unakaa kimya. Kwa hiyo ukitaka mkwaju ubaki mkwaju, uandike mara mbili. Programu itameza mmoja na kukuachia mmoja.

Hapo nilimwelewa vizuri sana. Kisha kasema, "Sasa, pale mwanzo wa njia," akavua miwani.

Jua la saa tisa lilikuwa limeingia kupitia pazia. Pazia linapanda, linashuka. Kwenye kona ya dirisha buibui anatengeneza utando wake bila presha ya mtu. Nikawa natembea kwenye zulia lile la ndoto, viatu havitoi mlio, watu wananiinukia wananiita mheshimiwa, mmoja ananiuliza kahawa au chai, nami sijaamua. Niliporudi Taratibu alikuwa anasema, "Ndiyo maana nasisitiza, tumia tu ya maktaba." Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia yote.

Ya maktaba situmii. Ila dawa nimeipata. Mikwaju yote ya katikati nimeiandika mara mbili. Ile ya mwanzo nimeiacha. Pale tayari ipo miwili, inajitosheleza.

Alhamisi, 5 Juni

USHINDI!

Nimemwendesha Kiongozi saa nne asubuhi. Nyimbo, zikaenda. Taarifa, zikaenda. Salamu, zikaenda. Folda ambazo hakuzikuta kazitengeneza mwenyewe, maana nilimfundisha ajitegemee. Na kasi yake! Mtandao wetu siku zote unatambaa, ukifungua picha moja unaweza kwenda kunawa uso na kurudi. Leo sauti za miaka yote zimepita kama upepo dirishani. Nikajua hapa hausifiwi mtandao. Anasifiwa mwandishi wa Kiongozi.

Wala sikuridhika kijinga. Nimehakiki. Nimemuuliza Kiongozi, faili zipo kwenye seva? Kajibu: zipo zote. Nikamtaka anifungulie moja, kafungua. Bibi Alfajiri huyo! Sauti kama maziwa ya moto. Nikamsikiliza nimefumba macho, akisalimu walioamka na wanaojinyoosha, hadi wimbo ukaanza nami nikasinzia kwa muda usioandikika.

Taratibu hayupo kushuhudia. Kapanda mlimani asubuhi kutengeneza mnara wa kurushia matangazo, kurudi ni Jumanne. Afadhali. Sherehe na mtu anayefuta miwani haziendi pamoja.

Mkurugenzi kanipa mkono. Kaniambia hakutegemea. Nikalichukua kama sifa.

Ijumaa, 6 Juni

Leo kumeletwa boksi. Ndani yake kompyuta mpya, kioo chake kipana kama dirisha la duka. Ilikuwa ya Taratibu, ameiomba tangu mwaka jana kwa utaratibu wake.

Sikukaa kimya. Nimemwendea Mkurugenzi nikamwambia mambo yanayohusu hifadhi yanataka kioo kipana, kwamba sauti zikichorwa zinakuwa ndefu, kwamba macho yangu. Kuhusu macho sikumalizia sentensi, nilipepesa tu. Kakubali! Kasema Taratibu ni muungwana, ataelewa. Ataelewa, ndiyo. Baada ya kufuta miwani.

Kompyuta yangu ya zamani anapewa Dada wa Mapokezi. Ya kwake ilikuwa inanguruma kama mashine ya kusaga, wageni wanauliza kama wamekosea mlango. Sheria ya ofisi ni kwamba Taratibu husafisha kila mashine kabla haijabadilisha mwenyewe, anafuta kila kilichomo. Lakini yuko mlimani. Dada kasema hawezi kusubiri, aitumie hivyo hivyo. Mimi ni nani nimzuie dada wa watu? Nikahamishia picha zangu, mchezo wa karata na Kiongozi kwenye simu yangu, nikambebea mashine hadi mezani kwake. Kanishukuru mbele za watu.

Mchana kutwa nimekaa mbele ya kioo kipana bila kukiwasha. Kinaonyesha chumba kizima nyuma yangu, kama maji yaliyotulia. Nimejiona mle ndani nikiwa mnene kidogo, mwenye cheo.

Jumapili, 8 Juni

Shemeji kaja kula mchana. Ni kaka wa mke wangu, ana shughuli ya kupiga video za harusi. Ana diski zote duniani na zote zimejaa. Kalalamika hadi pilipili ikapoa. Nikaona nafasi ya kung'ara ukweni. Nikamwambia mimi ninayo moja, ya ofisi, imeshamaliza kazi yake, na Mkurugenzi hawezi kuninyima kitu siku hizi. Nilikuwa nimekuja nayo kwenye begi. Mbele ya macho yake nikaisafisha, ikawa nyeupe kabisa. Shemeji kanikumbatia. Mke wangu kauliza kama nina uhakika. Nikamjibu kwamba vitu vyote viko kwenye seva, chumba cha baridi, milango miwili na kufuli.

Kisha nikajilaza kwenye kochi. Watoto wa jirani walikuwa wakiruka kamba nje, wimbo wao unakuja na kuondoka. Nikaota niko juu ya maji, nimebebwa na kitanda, na kila anayepita kwenye kitanda chake ananipungia. Siku nzuri kuliko zote mwaka huu.

Jumatatu, 9 Juni

Nimekwisha.

Nimewasha kompyuta mpya, nikamleta Kiongozi, nikamuuliza kama desturi: faili zipo kwenye seva? Kajibu hazipo. Nikamwambia aangalie vizuri. Hazipo. Folda ya nyimbo haipo. Folda ya salamu haipo. Seva yenyewe, kwa maelezo yake, haipo!

Nikaenda chumba cha baridi kuiona kwa macho. Ipo, taa zinawaka, inapumua. Nikaifungua kwa kioo chake chenyewe. Folda zipo, Taratibu alizitengeneza zamani. Nimefungua moja moja. Tupu. Tupu. Tupu.

Kilichonijia kichwani ni Taratibu. Kafuta! Ameona wivu wa kioo kipana, kafuta akiwa hukohuko mlimani. (Kwamba hana habari na kioo kipana nilikumbuka baadaye, nikaona ni jambo dogo.) Nikapanda kwa Mkurugenzi, nikamwambia kwa masikitiko kwamba kuna mkono wa mtu, na mtu huyo yuko mlimani. Kaniuliza kama diski ninayo bado. Nikasema iko mahali salama. Kasema vizuri, basi Bibi kesho atasikiliza kutoka kwenye diski, mambo ya mikono tutayazungumza mwenye mikono akirudi.

Niliposhuka ukumbini nikasikia sauti ya Bibi Alfajiri. Wazi kabisa. Inasalimu walioamka na wanaojinyoosha. Nikasimama nimeshika ukuta. Nikajua dhamira yangu imeanza kunisuta, na haisuti kwa maneno yake yenyewe, imeazima sauti. Nikatokea mlango wa nyuma ili nisipite mapokezi na uso ule.

Nyumbani kabla ya chakula nimepanga mpango. Mke wangu ana sauti nzuri. Asome utabiri wa hali ya hewa, nimrekodi kwenye simu. Birika tunalo. Na shemeji alikuwa sebuleni anasubiri chakula, basi acheke yeye. Mke wangu kakataa katakata. Shemeji, kwa ajili ya deni la diski, kakubali. Nikaangusha birika. Kacheka. Anacheka kama mbuzi aliyekwama kwenye uzio! Nikamwambia ateremshe chini kidogo, awe mtu mzima, awe fundi mitambo. Kateremsha. Mbuzi mzee.

Mke wangu katoka jikoni na mwiko mkononi. Kasema, "Mwanamke aliyezeeka na kicheko cha mumewe masikioni, wewe utamdanganya kwa cha kaka yangu?"

Nimeiacha rekodi ya mbuzi kwenye simu hata hivyo. Mtu aliyekwama hatupi kamba.

Jumanne, 10 Juni

Naandika haya kabla hata sijavua viatu.

Nilifika ofisini nimepanga kuugua. Nilikuwa nimeshachagua tumbo. Nikamkuta Mkurugenzi mlangoni, kaniambia Bibi na binti yake wameshafika, wanangoja mapokezi, nilete diski. Nikashika tumbo. Kasema, "Lilete na hilo tumbo lako."

Tukaelekea mapokezi, yeye mbele, mimi nyuma kama mtu anayepelekwa. Na kabla hatujafika, sauti ile tena! Nikajiuliza kama Mkurugenzi naye ana dhamira inayomsuta, maana alisimama ghafla.

Ndani, Dada wa Mapokezi ameegemea meza, mkono shavuni. Kwenye viti vya wageni wamekaa watu: dereva, mleta maji, mama mmoja aliyekuja kutangaza kupotea kwa kitambulisho. Wote kimya, kama watu wanaosikiliza mvua. Na mbele yao, kwenye kiti cha karibu na meza, bibi mwembamba na mtandio wa bluu, koo lake limefungwa leso. Sauti yake inatoka kwenye kompyuta yangu ya zamani. Midomo yake inafuata neno kwa neno bila kutoa kitu.

"Kusini kutakuwa na mawingu," sauti ilisema, "na vipindi vya..."

Birika likaanguka. Mlio mrefu, kifuniko kikabingirika sakafuni hadi kikatulia. Kimya. Kisha kicheko cha mwanamume, kwa mbali, cha mtu anayejaribu kujizuia na kushindwa, kinatoka puani kwanza halafu kinafunguka. Na sauti ya Bibi, "vipindi vya, vipindi," ikakatika, naye akacheka. Wakacheka wote wawili. Hakuna aliyewazuia. Nchi nzima ilikuwa imeamka inasikiliza, nao wakacheka tu.

Sijawahi kusikia kitu kama kile. Si mbuzi hata kidogo.

Bibi alikuwa amefumba macho. Binti yake alikuwa akilia bila kujipangusa, kasema hakuwa akikikumbuka kicheko cha baba yake, alidhani anakikumbuka. Sauti ilipokwisha Bibi kafumbua macho, kamgeukia Dada, kanong'ona, "Tena."

Dada karudia. Na tena. Mleta maji alikuwa na kazi sehemu nyingine lakini hakuondoka.

Mkurugenzi kamuuliza Dada kwa sauti ya chini hizi amezitoa wapi. Dada kashangaa. Kasema zilikuja na mashine! Kuna folda humu inaitwa "seva", amekuwa akizisikiliza tangu jana, alidhani ni zawadi kutoka kwangu.

Folda inaitwa seva. Ndani ya kompyuta yangu.

Wakati huo kaingia Taratibu, viatu vyekundu kwa vumbi la mlimani. Kasikiliza hadithi yote amesimama. Kavua miwani. Kaifuta. Nikaapa moyoni kwamba akimaliza kabla sijafa nitampenda. Kasema, "Ule mwanzo uliandika mikwaju mingapi?"

Nikasema miwili, kama inavyotakiwa.

"Programu ikameza mmoja, ikabaki mmoja. Mmoja si wa mtandao. Mmoja maana yake ni humu humu, kwenye mashine unayokalia. Ikakutengenezea folda hapo hapo, ikaiita seva kama ulivyotaka. Pale mwanzo inatakiwa minne. Nilikueleza Jumatano."

Nikasema kwamba kweli alinieleza, ila pazia lilikuwa linapanda na kushuka.

Hakunicheka. Hakunishtaki kwa Mkurugenzi, wala kuhusu mkono wa mtu hakuuliza, ingawa naona ameshasikia. Kavuta kiti kwa Dada. Akaandika kwa zana ya maktaba, mistari michache tu, jina la seva huku, jina la folda huku, mkwaju hata mmoja hakuugusa kwa mkono wake. Ikaanza kuhamisha. Polepole! Faili moja, kisha nyingine, mtandao unatambaa kama siku zote. Ndipo nikajua kasi ile ya Alhamisi ilikuwa kasi ya kutoka mfukoni kwenda mfukoni.

Kanionyesha jambo moja zuri. Kaiuliza zana, ukipanda juu ya folda ya nyimbo unafika wapi? Ikajibu: seva na nyimbo. Na juu ya hapo? Ikajibu tena: seva na nyimbo. Kaniambia ukishafika pale hakuna pa kupanda, jina la seva na la folda ya kwanza ni kitu kimoja, hayatenganishwi, ndiyo nyumba yenyewe. Nimelipenda sana. Mahali ambapo ukiuliza njia ya juu zaidi unaambiwa umefika.

Bibi alipoondoka alitushika mikono. Wa Dada, wa Taratibu, kisha wangu, kwa mkono wake mkavu na mwepesi. Binti yake kauliza ni nani aliyewaza kuziweka sauti pale mapokezi, karibu na watu, badala ya kuzifungia chumba cha baridi.

Taratibu alikuwa anafuta miwani.

Mkono wangu ulijiinua wenyewe.

Jumatano, 11 Juni

Nimetafakari sana mambo yaliyotokea, na funzo nimelipata. Tatizo halikuwa Kiongozi. Tatizo halikuwa mikwaju. Tatizo ni herufi.

Hebu fikiria. Kama folda ya nyimbo isingeanza na n, nisingepata yimbo. Nisingemuuliza Taratibu. Pazia lisingenipumbaza. Kwa hiyo leo nimempelekea Mkurugenzi pendekezo: folda zote za redio zibadilishwe majina. Nyimbo ziitwe "zilizoimbwa". Taarifa ziitwe "habari". Ratiba nayo ina r, na Taratibu aliwahi kusema r ina lake jambo, basi iitwe "mpangilio". Barua nayo naishuku b yake, ila sijaipatia jina. Nikaeleza kwamba hakuna redio yoyote iliyowahi kufikiria hili.

Mkurugenzi kacheka hadi kaomba maji. Nadhani ni furaha. Kasema ataliweka pahali. Kasema pia kioo kipana kirudi kwa Taratibu, na mimi nitapewa ile mashine inayonguruma. Nimelichukua kwa moyo mkunjufu. Kiongozi wa kweli hafanyi kazi kwa kioo. Halafu kanitaka nimwombe Taratibu radhi kwa ule mkono. Nimemwomba. Kafuta miwani, kasema yameisha. Tulikaa kidogo tukiangalia buibui wa dirishani. Si mtu mbaya kabisa ukimzoea.

Mchana kaomba likizo. Kasema mlima umemchosha. Mimi nadhani ni mashine yangu, maana alikuwa akiiangalia kila inaponguruma. Kapewa wiki mbili. Mkurugenzi kaingia chumbani kwetu na shada la funguo za chumba cha baridi, kauliza katika kipindi hicho seva ataiangalia nani.

Nilikuwa nimesinzia kidogo. Hata hivyo nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kuuliza.